Fundi Aliyerudi Katika Sehemu ya Pili

Kaloleni, Kisumu

Mdogo wangu mpenzi Wakesho,

Barua yako ilinifikia salama, nami naomba hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe, goti likiwa limepoa, na mvua ikiwa imewafikia huko milimani Taita kabla mchwa hawajazimaliza mbegu. Je, shemeji bado anakataa kwenda kupimwa macho? Mimi ni mzima wa mwili. Kikohozi kimeniacha. Moyo ndio uliochafuka, na sababu yake ni lile jambo uliloniuliza kwa kicheko.

Umeandika kwamba mwanao Mghanga amepata kanda ya sehemu ya pili ya ile picha ya chombo cha angani, naye anataka kuwaonyesha watu sokoni. Ukauliza kwa nini watu wa huku, walioipenda sehemu ya kwanza kuliko chakula, waliikasirikia ya pili hata wakavunja viti. Usicheke, Wakesho. Nitakueleza kwa utaratibu, kisha utaamua wewe na mwanao.

Unakumbuka kwamba tangu nilipostaafu ualimu, jirani yangu Ochieng', mwenye ukumbi wa video, huniomba nisimame kando ya televisheni na kuyaeleza kwa Kiswahili yanayosemwa kwa Kiingereza. Ana ukumbi hapa Kaloleni na mwingine Luanda Kotieno, kwenye ufuko inapotia nanga feri ya Mbita. Huko hukutana wavuvi Wajaluo, wachuuzi Waluhya na watu wa visiwani. Lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe kingemliza mwalimu wetu wa zamani. Mimi hushika fimbo yangu, nikaeleza lililosemwa. Siongezi, wala sipunguzi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa hivi. Watu saba wamo ndani ya chombo cha chuma, wamekwisha kulipita jua, na huko nje kuna kitu kinachowafuata gizani. Hatukuonyeshwa kitu hicho hata mara moja. Tulikisikia tu kikikwaruza bati. Mwishowe mlango wa nyuma unaharibika, nao hauwezi kufungwa ila kwa mkono, tena kutoka nje. Fundi wa mitambo anatoka. Anaufunga. Wenzake wanamtazama kupitia kidirisha akielea, akipungua, mpaka anakuwa nukta, kisha nukta nayo haipo. Picha inakwisha.

Sasa, katika kumbi za video kuna sheria moja inayojulikana na wote: akta, yaani shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atatumbukizwa mtoni, atachomewa nyumba, lakini hafi. Kwa hiyo siku ile, huko Luanda Kotieno, watu hawakuondoka. Mvuvi mmoja aitwaye Odera, mtu wa mabega mapana na sauti ya kuita mtumbwi ng'ambo, alisimama mbele yangu.

"Mwalimu, ngoja. Iko ingine mbele. Hiyo mtu anarudi."

"Imekwisha, Odera."

"Haiwezi kwisha! Akta hafi, bwana! Ochieng', wewe umekata kanda!"

"Nimekata na nini?" akajibu Ochieng'. "Na meno?"

Kanda ikarudishwa nyuma, tukaitazama upya. Fundi akafa tena. Odera akaketi, akavua kofia.

Siku ya soko iliyofuata walikuja wengi zaidi, na iliyofuata hiyo wakajaa hata madirishani. Walimpenda yule fundi kwa sababu alikufa, tena akafa kifo wanachokijua. Mtu anatoka kwa ajili ya wenzake, anapungua, haonekani tena, na maji hayasemi kitu.

Hapa sharti nikueleze desturi yao, kwa kuwa bila hiyo hutaelewa. Mtu akipotea ziwani na mwili usipatikane, huchumwa tunda la mti uitwao yago, tunda refu na zito kama gogo, likafungwa kwa nguo na kuzikwa mahali pake. Baada ya hapo mtu huyo amekufa. Mkewe ni mjane, mama yake hunyoa nywele, na hakuna anayeketi tena mlangoni kumngoja. Kando ya ukumbi wa Ochieng' kuna mama mmoja mkaushaji wa samaki kwa moshi, Mama Otieno. Mwanawe, Otieno, alichukuliwa na ziwa kabla picha ile haijafika, naye alizikiwa yago kwa heshima zote.

Odera na wenzake, walipokwisha kuitazama picha ile hata wakaweza kunitangulia maneno, walisema kwamba Fundi hajazikwa. Walianza kwa mzaha. Wakachuma tunda kwenye mti uleule uliotoa tunda la Otieno, wakachimba shimo nyuma ya ukumbi. Ochieng' alipiga kelele kwamba wanamharibia uwanja. Halafu Mama Otieno akaacha moshi wake, akaja na kipande cha kanga.

"Funga na hii," akasema. "Hata huyu iko na mama mahali."

Mzaha ukaisha hapo. Walilizika tunda lile kimya, na Ochieng' mwenyewe alishika jembe. Ni mzee mmoja tu, mshona nyavu, aliyekataa kukaribia. "Yago si mpira," akasema. "Mnazika mtu ambaye hamjui kama amekufa. Na yeye akikuja?"

Wakamcheka. Angekujaje? Walimwona kwa macho yao.

Ndipo Ochieng' alipoileta sehemu ya pili kutoka Nairobi. Watu walifunga biashara. Wavuvi waliokuwa na haki ya kulala mchana, maana walikuwa wamevua usiku kucha, hawakulala. Nami nilichukua fimbo yangu, picha ikaanza, na kabla hatujatulia mlango wa chombo ukafunguka, akaingia mtu anacheka, nguo safi, nywele zimechanwa.

"Huyo ni nani?" akauliza Odera.

"Ni Fundi," nikasema, kwa kuwa ndivyo wenzake walivyomwita.

"Fundi gani?"

"Yule aliyefunga mlango."

"Ai yawa! Sura si yake!"

Kweli, sura haikuwa yake. Walikuwa wametafuta mwigizaji mwingine. Wala hakueleza alikokuwa. Aliwapiga wenzake mabegani, wakampa kikombe cha chai, chombo kikaondoka. Mtu mmoja nyuma akauliza polepole, "Omera, sasa sisi tulizika nani?" Kiti cha kwanza kikaruka hapo.

Nimelitafakari sana jambo hili, Wakesho, kama nilivyokuwa nikitafakari insha ya mwanafunzi mwerevu iliyoharibika. Si kwamba sehemu ya pili ilikosa ufundi. Moto ulikuwa mwingi zaidi na chombo kilikuwa kikubwa zaidi. Kile kitu cha gizani walikitoa nje tukakiona: mpira mweusi wenye meno kama kitana, na mwanamke mmoja akaangua kicheko. Lakini hata hilo wangelisamehe. Kosa kubwa ni kwamba sehemu ya kwanza ilituondolea mtu, ikakataa kumrudisha, na kwa sababu hiyo tuliiamini. Ya pili ilikuja kutuambia kwamba tulilia bure. Apendaye hadithi husema kwa kinywa kwamba anataka zaidi, anataka mtu wake arudi. Mtengenezaji husikia kinywa tu. Hajui kwamba mtu huyo, akirudishwa, huondoka na machozi tuliyommwagia, nasi tunabaki na mgeni aliyevaa jina lake.

Waliovunja viti, basi, hawanitishi. Waliumia, wakapiga kelele, wakaenda zao. Anayenitisha ni mmoja ambaye hakuumia.

Mama Otieno alikuwa kwenye moshi wake aliposikia watu wakipiga ukelele, "Amerudi! Amerudi!" Aliingia mikono imejaa masizi, akaketi mbele katikati ya viti vilivyovunjika, akaomba picha ianzishwe upya. Aliitazama yote bila kupepesa. Ilipokwisha akaniita.

"Mwalimu, alikuwa wapi?"

"Hawakusema, mama."

"Wewe unajua Kizungu. Sikiza tena."

"Nimesikiliza. Hawakusema."

Akajifuta mikono. "Yago yake na ya Otieno," akasema, "ilitoka mti moja."

Siku ya soko iliyofuata tuliambiwa kwamba amelichimbua kaburi la mwanawe kwa mikono yake, akalitoa tunda, akaliweka juu ya kigoda ndani ya nyumba. Kaburi amekataa lifunikwe. Tangu hapo hakuna anayepita karibu na boma lake. Wanasema kaburi likifunguliwa halifungwi bila mtu. Mimi siamini maneno hayo, na nililisema hilo wazi, lakini niligundua kwamba nami nilikuwa nimepita njia ya mbali.

Wazee wa ufuko walituita, Ochieng' nami. "Nyinyi ndio mlileta huyo mtu," wakasema. "Mwambieni mama ukweli." Basi nilimkaribisha ukumbini mchana, tukiwa sisi watatu tu. Ochieng' akasimamisha picha ya kwanza kwenye uso wa Fundi, kisha akabadilisha kanda, akaisimamisha ya pili. Nilielekeza kwa fimbo.

"Tazama pua, mama. Tazama masikio. Hawa ni watu wawili. Aliyefunga mlango alikufa, na hajarudi. Huyu wa pili ni mtu mwingine, amepewa jina la marehemu ili watu waje ukumbini."

Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli," akasema. "Sura ni ingine."

Nilishusha pumzi. Ochieng' akasema, "Nyasaye ashukuriwe."

Kisha mama yule akanigeukia, wala hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa. "Lakini mwaka mzima ndani ya maji, Mwalimu. Unafikiri ya Otieno itakuwa ile ile?"

Nikaiegemeza fimbo ukutani. Ochieng' akazima televisheni.

Tangu hapo amekuwa akiwaomba wavuvi mtumbwi. Amefunga furushi: suruali, shati, sabuni. Anasema Otieno ataona haya kuja ufukoni uchi, na sura ngeni, watu wamkatae kama walivyomkataa yule. Lazima afuatwe na mtu asiyejali sura. Wote wamemnyima mtumbwi. Odera amewaonya kwamba atakayempa atamjua yeye ni nani. Kesho naenda huko na Ochieng'. Nitazungumza naye tena, na safari hii sitaenda na fimbo. Nitaimaliza barua nikirudi.

*

Jumamosi, Luanda Kotieno

Sikurudi, Wakesho. Naandika nikiwa nimeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, karatasi imewekwa gotini, hivyo usamehe mwandiko. Dereva wa basi amesema ataichukua barua akimaliza kupakia, nami sina kazi nyingine, kwa kuwa walioko hapa wamesema mimi ni mzee nikae kando.

Tulipofika asubuhi mtumbwi mmoja haukuwapo. Moshi wa Mama Otieno haukuwashwa.

Uliwahi kusikia redioni habari za gugu maji. Hukuelewa, nami sikuelewa mpaka nilipoliona. Ni kama shamba linalotembea. Alfajiri ufuko ulikuwa na njia ya maji, mtumbwi unapita vizuri. Ndiyo njia aliyoipita. Kisha upepo ukageuka, gugu likaja kutoka Mbita, likatanda upande hata upande, kijani kibichi chenye maua mazuri ya zambarau, likafunga. Sasa huoni maji. Ungesema unaweza kutembea juu yake mpaka ng'ambo. Feri imeshindwa kuondoka.

Odera na wenzake wameingia na mapanga, maji kifuani, wanakata na kusukuma, na wanapokata linafunga nyuma yao. Muda mfupi uliopita tulimsikia. Hakuwa mbali. Alikuwa akiita, "Otieno! Otieno wuoda!", yaani mwanangu, sauti tulivu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

"Mama!" Odera akapaza sauti. "Kaa chini! Usisimame kwa mtumbwi!"

Tukangoja. Halafu sauti yake ikaja juu ya lile gugu lote, yenye adabu, kama ya mtu aliyekatizwa mazungumzo:

"Nyamazeni kidogo. Mnanizuia kumsikia."

Dereva ananiashiria. Mwambie Mghanga asiionyeshe kanda ile. Mwambie ni amri ya mjomba wake, na kama atanuna, anune. Huko milimani hamna ziwa, lakini hakuna kijiji kisicho na mama anayengoja. Nisalimie shemeji, na umwambie macho ni yake lakini njia ni ya wote, akapimwe. Nisalimie shangazi, mlezi wetu, umbusu mkono kwa niaba yangu. Mpe salamu mzee wa kanisa, na mumwombee mwanamke huyu kwa jina la Mama Otieno. Jina lake la ubatizo silijui, na leo naona aibu kwamba sikuwahi kuliuliza.

Mimi kaka yako akupendaye,

Zakaria

Wameacha kukata. Wote wamesimama ndani ya maji, mapanga juu, wanasikiliza.