Dawa Haishukuriwi

Bulembia, Kasese

Mwanangu Tabitha,

Umeamkaje huko Bungoma? Mgongo wa baba mkwe wako umetulia? Sisi huku tunapumua. Mkono huu unaoandika ni wa jirani yangu, mke wa katekista. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha.

Uliposema kwenye simu kuwa joto linakupanda hadi unalowesha shuka, nilicheka: karibu uzeeni! Lakini ukaongeza kwamba damu iliyokoma kwa miaka miwili imerudi, na unataka dawa niliyompa marehemu dada yako. Nikakata simu. Haikuwa mtandao.

Dada yako Debora alianza hivyohivyo. Nikaenda soko la Bwera kwa mama mmoja Mkongomani, nikanunua mlonge na mchaichai. Joto likapungua, akalala. Damu iliporudi, nikaenda tena. Yule mama akaweka fungu chini.

"Mama, hii iko ya moto ya mwili tu. Damu ikirudia, peleka mutoto hospitali."

"Uza dawa, usiuze mdomo," nikamjibu.

Nikachimba mizizi mwenyewe, nikamnywesha miezi saba. Mimi niliyezalisha nusu ya kijiji, nani angenifundisha?

Unajua kwetu dawa haishukuriwi; ukiishukuru, inakufa nguvu. Miezi yote hiyo Debora alipokea kikombe, akanywa, akanyamaza. Asubuhi moja akakishika tu, hakunywa. Akasema, "Asante, mama." Nikajua ameacha kungoja kupona. Nikampeleka hospitali, wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi, tumechelewa. Siku tulipomzika Bwera, kwao mumewe, nilikwambia ilikuwa homa. Nilikudanganya, mwanangu. Niliona aibu.

Basi sikia. Fungu hili nililofunga na barua ni mchaichai, kwa joto la usiku. Unywe kama chai. La damu sina, na anayekuambia analo, mfukuze. Nenda hospitali wiki hii. Ukiona haya, nenda na haya hiyohiyo, na usimfiche daktari kitu.

Msalimie mumeo, akusindikize mpaka mlangoni. Msalimie shangazi yako, dada ya baba yenu; akikuletea mizizi, msomee barua hii. Watoto wa Debora wanakusalimu. Yule mdogo ana kicheko cha mama yake, na kinaniumiza.

Majani haya usiyashukuru. Ukishapimwa, ndipo unipigie useme asante. Neno hilo limenikwama kooni tangu dada yako alipolisema. Nataka kulisikia kwa mtoto atakayenizika.

Mimi mama yako,
Yunia