Mstari wa Mama Nambozo

Nyanya, mke wangu mkubwa,

Hapa Mbale vita vya Ghuba tunavisikia redioni tu, lakini vimeingia hadi uchaguzi wa mtaa. Mgombea mmoja anashangilia Iraki, mwenzake Amerika. Mama Nambozo, mwenye nyumba wangu, naye akagombea: "Mimi sina upande. Nataka bomba la maji hapa Nabuyonga."

Kura ni kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Nyuma yake hapakuwa na mtu, nikajipanga mimi. Afande akanivuta shati: "Toka, Mkenya." Watu wakacheka. Kisha akina mama wakashika nafasi yangu na madebe yao, na mstari alioanzisha mjukuu wako ukafika msikitini.

Leo mwenyekiti wetu mpya, Mama Nambozo, ananipikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga. Usiolewe kabla sijarudi.

Mumeo, Wafula