Kodi ya Intaneti na Kisima cha Mchangani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bado niko Dodoma nabeba zege. Mgongo unalalamika, lakini nipo. Bibi yako kule Mlali amevuna karanga, anakusalimu.

Umeniuliza, kwa ajili ya mdahalo wa chuo chenu, kama ni haki kutoza kodi ya kuingia intaneti. Ujanani, kiangazi kimoja, nilichimba kisima kwenye mchanga wa korongo. Maji yalipotoka nikajiona mfalme, nikadai kila mchotaji alete mtama. Jirani yetu Mama Chiku, aliyekuwa na mtoto mchanga, hakuwa nao. Akaenda kuchota dimbwini, walipokuwa wakinywa ng'ombe.

Baba akafoka: "Tangu lini kiu ya mtu ikalipiwa? Mwenye ndoo achote! Mwenye kundi la ng'ombe ndiye aje na jembe, tuchimbe zaidi."

Nikamkimbilia Mama Chiku, nikamwaga yale maji machafu, nikamjazia ndoo mwenyewe.

"Leo mfalme anachota?" akanicheka.

Wenye ng'ombe walichimba, maji yakatosha mpaka mvua.

Basi anayetajirika kwa intaneti alipe kodi, maana hospitali hazijengwi kwa maneno. Anayeingia kusoma kama wewe asitozwe mlangoni. Kasimame useme hivyo. Wakiuliza nani kakufundisha, usione haya kunitaja.

Babu yako,
Yohana