Chachu Iliyobaki ya Mama

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Huku tunasukuma siku. Baba miguu imemvimba, daktari kasema tumpe tu anachotaka. Anachotaka ni glasi moja ya pombe ya mama, basi.

Na mimi nimeiua chachu. Usicheke! Si unajua mama alivyokuwa, kila chombo lazima kimwagiwe maji ya moto. Nikasafisha mtungi, nikamimina birika zima linatokota, kumbe chachu iko humo humo chini. Mimi ninayejifanya fundi! Nimejaribu hamira ya dukani. Baba akaonja, akairudisha glasi mezani.

Ile chupa ya jamu uliyotilia chachu ya mama bado unayo? Nauliza huku uso umenishuka. Ndiyo, ile iliyoanguka nilipoumwaga mkoba wako kwenye msiba wa mama, mbele ya watu, nikikuita mwizi.

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Mpe baba pole.

Chupa ninayo. Imekaa ndani ya friji, kule nyuma, miaka yote hii na sijawahi kupika pombe hata mara moja. Kila nikiigusa nasikia lile neno lako. Nilichota nusu kwa sababu nilitaka kitu cha mama, na funguo zote ulikuwa umezishika wewe. Ningeomba, ungenipa?

Jana nimeifungua. Juu maji meusi, chini tope la kijivu. Haijaoza. Nifanyeje?

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwa shemeji.

Nisingekupa. Umeuliza, nimejibu.

Mwaga yale maji ya juu. Chemsha kimea kidogo, chuja, kisha ngoja kipoe kabisa. Tia kidole, usisikie joto. (Mwenzio nimeshakoma!) Ndipo utie kijiko cha tope. Funika kwa kitambaa, weka mahali pa uvuguvugu. Ikinyamaza usiitupe, iongezee kimea kidogo kidogo. Mgonjwa haanzi na sahani kubwa.

Baba anaulizia kila jioni.

Dada yako

8 Aprili

Dada, shikamoo.

Baba anaendeleaje? Huku mwanzoni ilikuwa kimya tu. Nililia, nikasema nimeiua kwa kuificha. Halafu asubuhi moja nainua kitambaa, povu! Jiko zima likanukia mama. Mume wangu alinikuta nimekaa sakafuni, akadhani kuna msiba.

Nimempa dereva wa basi chupa ya chachu akuletee. Kifuniko nimekilegeza isije ikampasukia. Mimi sitakuja. Wale watu bado nawaonea aibu.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Chachu ilifika, nimepika, na baba amekunywa. Alifumba macho, akasema, "Sasa umeipata." Majirani wakanipigia makofi, na mimi, bila haya, nikazipokea sifa kama zangu.

Nikaanza kumimina tena. Nilipomfikia shangazi, yule aliyekuokotea chupa siku ile, akaniuliza chachu nimeitoa wapi. Nikamtazama yeye badala ya glasi, pombe ikammwagikia. Nikawaambia wote: imetoka kwa yule niliyemwita mwizi, na hakuiba. Mimi ndiye niliyetaka mama awe wangu peke yangu.

Shangazi akajifuta gauni. Baba akasogeza glasi yake katikati ya meza. Imebaki nusu, amekataa kuimaliza mpaka uje.

Njoo, mdogo wangu. Njoo na mkoba mkubwa. Nitaupakia mwenyewe, mbele yao.

Dada yako