Sufuria Niliyoificha

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu wote wawili. Vipi kifua cha yule mdogo, bado anakohoa kila hewa ikibadilika? Mimi mwili haujambo. Nimepungua kidogo, na jirani wa mbele ananitania kwamba siku hizi suruali ndiyo inanivaa mimi, lakini sina homa wala maumivu, na kazi zipo. Wiki iliyopita nilimaliza makochi ya yule mwalimu mkuu, yale ya kijani uliyoyakuta yamechunwa hadi mbao ulipokuja kwenye mazishi. Amefurahi. Amekaa juu yake mbele yangu, akanyanyuka, akakaa tena.

Ujumbe wako nimeupata. Umenieleza kwamba hospitali imejibu malalamiko yako, kwamba yule nesi aliyekuwa akimtembelea Mama nyumbani amesimamishwa kazi, na kwamba Jumatano ijayo saa tatu asubuhi watakaa kumsikiliza. Ukanitaka niende kwa niaba ya familia, nieleze jinsi alivyomdunga Mama sindano Jumapili, na Jumatatu Mama hayupo. Nitakwenda, Dada. Ila sitakwenda kusema hivyo. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua na najijua. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningeshukuru kukatizwa. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujampa shemeji.

Ile orodha uliyoibandika kwenye mlango wa kabati la jikoni bado ipo. Uliiandika kwa wino mwekundu: maharagwe hapana, nyanya hapana, ndizi hapana, nyama kipande kimoja kisichozidi kiganja cha mtoto, chumvi hapana kabisa, mboga zichemshwe mara mbili na maji yamwagwe, maji ya kunywa vikombe vinne kwa siku. Niliifuata miezi kumi na tisa. Kila Jumatatu na Alhamisi nilimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, nikamngoja kwa saa nne kwenye benchi lile lisilo na sponji, nikamrudisha amekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Nawe kila jioni ulipiga simu kuuliza amekula nini, nami nilikujibu kabichi na wali, na ilikuwa kweli.

Hukumwona miezi ile ya mwisho, na sikulaumu, kazi yako naijua. Lakini fikiria mwanamke aliyepika kwenye kantini ya kiwanda cha matofali miaka ishirini na miwili. Wewe unakumbuka Ijumaa zake, nyama ya ng'ombe na maharagwe mekundu na pilipili, jinsi wanaume walivyotoka kwenye matanuri na vumbi kwenye kope wakapanga foleni hadi nje ya geti, na yeye na mwiko wake akiwafokea wasisukumane. Mwanamke huyo sasa ananyweshwa maji kwa kikombe kilichopimwa, na kila anachokula kimechemshwa mpaka kimesahau jina lake. Alikuwa ananiambia kabichi hiyo mtu hahitaji meno kuila, anahitaji uvumilivu.

Jumatano moja aligoma. Hakugomba wala kulia, alifunga mdomo tu kama mtoto. Alhamisi nikampeleka kwenye mashine akiwa hajala kitu. Tuliporudi nikamuuliza anataka nini hasa. Akanijibu kwamba anataka chakula chake, kile cha Ijumaa. Nikamkumbusha orodha. Akasema orodha anaijua, mwandiko wa binti yake anaujua, na kwamba kama kufa atakufa, lakini, namnukuu, "Sitaki kufa na ladha ya maji ya kabichi mdomoni." Kisha akageukia ukutani.

Dada, jioni ile ile nililoweka maharagwe.

Ijumaa asubuhi nilifunga karakana, nikaenda kununua nyama. Mama alikuwa ameniagiza nichukue ya bega, yenye mafuta kidogo, nisikubali kupewa paja eti kwa sababu linapendeza kwa macho. Nikarudi, nikafungua mlango wa chumba chake ili asikie jikoni, naye akanipikisha akiwa amelala. Maharagwe kwanza. Yachemke kwa moto mkali, povu lote litolewe, na nisiyaamini mpaka nibonyeze moja kati ya ulimi na kaakaa, nalo lipondeke. Nyama niikate vipande vya ukubwa wa kiberiti. Nilikata kama ninavyokata sponji, vyote sawasawa, nikampelekea ubao kuona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, akasema hiyo si nyama, ni vigae.

Nilipoanza kukaanga alinigombeza kutoka kitandani bila kuona chochote. Alisema amesikia sufuria, imejaa mno, nyama inaoga badala ya kukaangwa. Nikatoa nusu. Na kweli ikaanza kutoa mlio mwingine kabisa, mkavu, na harufu ikabadilika. Vitunguu akataka viive hadi viwe na rangi ya chai. Kisha kitunguu saumu, bizari, na pilipili kavu nilizozikausha kwenye kikaango na kuzitwanga mpaka nikapiga chafya kama mbuzi. Nyanya sita. Nilizishika zile nyanya mkononi nikatazama mlango wa kabati, wino wako mwekundu, na nikazikata. Mwisho akaniambia siri ambayo, kwa kadiri nijuavyo, hakuwahi kumwambia mtu pale kantini: kikombe cha kahawa nyeusi kisicho na sukari, kinamiminwa nyama ikiwa karibu kulainika. Halafu upawa mmoja wa maharagwe upondwe na kurudishwa ili mchuzi ushike. Kisha ichemke kwa saa mbili na nusu kwenye moto mdogo. Nyumba nzima ilinuka utoto wetu.

Alikula ameketi, mto mgongoni, bakuli kwenye mapaja. Kijiko cha kwanza alikishikilia mdomoni muda mrefu. Nikamuuliza kama kuna kosa. Akasema pilipili ingeweza kuwa kali zaidi, na chumvi nimeogopa, lakini nimejitahidi, ningeweza kuajiriwa kwa majaribio. Akaomba bakuli la pili. Nikampa. Jioni ulipopiga simu nilikwambia amekula kabichi.

Jumamosi alikula tena, mchana na jioni. Alijipaka mafuta usoni mwenyewe. Alinisimulia habari za mume wa kwanza wa shangazi, zile ambazo wewe zilikupita, mpaka nikaona haya. Nilijidanganya, Dada. Nilijiambia madaktari hawajui kila kitu, tazama alivyochangamka. Jumapili mchana akala kidogo, akasema miguu imekuwa mizito kama si yake, na kwamba moyo unamruka, unapiga, unasita, unapiga tena. Alisema hivyo kama anayezungumzia redio mbovu.

Saa kumi nesi akagonga. Ilikuwa siku yake ya kumdunga ile sindano ya kuongeza damu, ile ile aliyomdunga kila wiki kwa zaidi ya mwaka. Sufuria ilikuwa jikoni, robo ikiwa imebaki. Niliinyakua kwa vitambaa, nikaipeleka karakana, nikaisukuma chini ya meza ya kazi na kuifunika kwa kipande cha kitambaa cha makochi. Nikafungua madirisha. Ndipo nikafungua mlango.

Sasa nafika pale ambapo mkono wangu umekuwa ukikwepa tangu nianze kuandika.

Nesi hakuwa na haraka. Mama alimwambia habari ya miguu. Akamshika mkono, akaangalia saa yake, akahesabu mapigo, akarudia kuhesabu. Niliona uso wake ukibadilika. Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Kaka, Mama amekula nini siku hizi mbili tatu?" Nikasema kabichi na wali. Akauliza kama hakuna kitu nje ya orodha, hata kidogo, hata kwa bahati mbaya, maana miguu kuwa mizito na moyo kuruka ni dalili anayoiogopa kwa wagonjwa wa figo, na kama ni chakula kilicholeta hayo moyo unaweza kusimama, basi Mama hapaswi kulala hapa leo, inabidi aende hospitali sasa hivi wamweke kwenye mashine bila kungoja Jumatatu. Alisema hayo yote, Dada. Alisema waziwazi. Mimi nilimtazama Mama. Mama alikuwa akinitazama mimi, na akatikisa kichwa kidogo sana, mtu mwingine asingeona.

Nikamwambia nesi hapana. Hakuna.

Akaandika kwenye daftari lake kama nilivyomwambia. Akamdunga sindano, akasema kesho mashine ni saa mbili, tusichelewe hata dakika moja, na akaniachia namba yake nimpigie hali ikibadilika. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kumpashia maji ya kuoga. Niliporudi na beseni alikuwa amekwisha kwenda. Mkono ulikuwa bado una joto. Niliweka beseni chini taratibu, sijui kwa nini, kama ninayeogopa kumwamsha.

Kabla sijampigia mtu yeyote, hata wewe, nilikwenda karakana, nikatoa sufuria, nikamwaga kilichobaki chooni na kuisugua mpaka vidole vikauma. Ndipo nikakupigia. Ulipofika ulianza kuuliza ni nani alimwona mwisho, alidungwa nini, chupa iko wapi. Uliponiuliza ana kwa ana kama nina hakika na chakula, nilikaa kimya na wewe ukachukulia kwamba naumia tu. Uliandika malalamiko yale kwenye meza yangu, kwa kalamu yangu. Nilikutengea chai ukiwa unaandika.

Utauliza kama Mama alitaka kufa au alitaka tu kula. Miezi miwili najiuliza hilo hilo. Kuna siku naamini alijua kila kitu na akachagua, nami nilimtii. Kuna siku naona alikuwa mgonjwa mwenye njaa, na mimi ndiye niliyekuwa mzima, mwenye miguu ya kwenda kumwitia gari. Kuhusu kumpikia, Dada, nikisema najuta nitakuwa nakuongopea tena. Lakini lile jibu nililompa nesi sina pa kuliweka.

Juzi nilikwenda nyumbani kwake. Anakaa nyuma ya kituo cha mafuta, vyumba viwili, na sare zake zilikuwa zimepigwa pasi zinaning'inia nyuma ya mlango kana kwamba kesho ana zamu. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa, na nilimwelewa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, Mama alikula kiasi gani, na siku zipi. Nikamtajia, bakuli kwa bakuli. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Nikasema ndiyo. Akasema amekuwa akilala akijiuliza kama alihesabu vibaya mapigo yale. Akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Leo asubuhi nimepeleka maelezo yangu hospitalini, nimeyaweka mkononi mwa muuguzi mkuu na kutia sahihi mbele yake. Kwa hiyo barua hii siyo ya kukuomba ruhusa. Nilitaka tu uyapate kutoka kwangu, si kutoka kwao. Nakuomba uondoe malalamiko yako kabla ya Jumatano, kwa jina lako mwenyewe, ili asiwe na doa hata kwenye karatasi. Mengine yote unayotaka kuandika, yaandike juu yangu. Wanasema huenda na polisi wakataka kunihoji. Nimemwambia jirani mahali ninapoweka funguo, na kazi zilizolipiwa nimezimaliza zote isipokuwa stuli mbili.

Nisalimie wapwa zangu, mkubwa umwambie mjomba ameona matokeo yake na amejivunia. Shemeji nisalimie ukiona inafaa. Kama utanijibu kwa matusi, nitayasoma yote. Kama utataka kuja, njoo, kitanda chako kipo, shuka nimebadilisha. Na kama hutaki kuniona tena, nakuomba uniandikie hata mstari mmoja wa kuniambia hivyo, nisije nikawa nakungoja kila gari likisimama.

Nakutakia afya na moyo wa kuyabeba haya.

Ni mimi mdogo wako,
uliyembeba mgongoni.