Mche wa Mkarafuu Mbele ya Banda la Matombo

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo zangu ziwafikie pia wazee wote walioketi nawe, kila mmoja kwa heshima ya umri wake, na mama yangu mzazi kuliko wote. Natumaini kifua chako kimepata nafuu sasa mvua zikiwa zimepungua, na kwamba ile dawa unainywa, ingawa nasikia huwa unaisahau makusudi. Sisi huku Kanada ni wazima. Baridi imeshaingia. Kila asubuhi naondoa theluji mlangoni kwa koleo kabla sijafungua kiduka changu cha maandazi na chai ya viungo, na mara nyingi huwa nauwaza moto wa jikoni kwenu.

Najua hupendi mambo mazito yasemwe kwa simu. Ndiyo maana nimeandika, nikamtumia mdogo wangu Zuhura akachapishe mjini, ili maneno yangu yakufikie yakiwa kwenye karatasi. Naomba yasomwe kwa sauti mbele ya kikao cha ukoo siku ya Jumamosi, kabla hamjaamua kama banda la kukaushia viungo libaki au libomolewe.

Zuhura amenisimulia yaliyotokea siku ya ufunguzi. Chemba ya wafanyabiashara ya Morogoro, iliyowasaidia akina mama kujenga banda hilo juu ya ardhi uliyowaazima wewe mwenyewe, ilileta wageni wake. Hotuba zikasomwa, pilau ikaliwa. Kisha mwenyekiti wao, Bwana Jitesh wa duka la vifaa vya ujenzi, akatoa mche wa mkarafuu kwenye gari, akachimba shimo mbele ya mlango, akaupanda na kuumwagilia maji. Watu wa mjini wakapiga makofi. Watu wa Matombo wakatazamana.

"Amepanda mti," ulimwambia mama. "Mwaka huu mti, mwaka kesho nyumba. Halafu wajukuu zake waje kutuambia hapa palikuwa pa babu yao."

"Kaka, yule jembe lenyewe limemshinda. Si ulimwona alivyolishika?"

"Jembe limemshinda, kalamu haijamshinda."

Jioni ile ukalitia banda kufuli. Tangu hapo akina mama, Zuhura akiwemo, wanaanika mdalasini majumbani, jikoni, na moshi unauharibu. Mnunuzi waliyetafutiwa na chemba amekwisha kusema kwamba mdalasini wenye harufu ya moshi hautaki. Zuhura hakulalamika aliponieleza hayo. Aliongea polepole tu, kama mtu aliyeanza kuzoea kukosa, na hiyo ndiyo sauti iliyonifanya nishike kalamu.

Mjomba, sikulaumu hata kidogo. Nimezaliwa juu ya ardhi hiyo na najua sheria yake. Anayeazimwa shamba hupanda mahindi na maharage, akivuna hukuletea ngoto, ile zawadi ndogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mti hapandi, kwa maana mti hukaa, na siku moja humtolea ushahidi aliyeupanda. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na ukoo umekukabidhi kazi ya kuilinda ardhi ya mama zetu. Ungenyamaza siku ile, ningekushangaa.

Lakini nivumilieni niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe huku.

Nilipofungua duka, nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Mteja akinunua maandazi kadhaa, namtilia moja la nyongeza. Sikuwaza lolote, ni adabu tu. Kumbe jirani yangu Bi Margareti, mwoka mikate wa miaka mingi, alikuwa akinitazama kupitia dirishani. Alikwenda kwenye chemba ya wafanyabiashara wa huku akasema mgeni anagawa vitu bure ili awafukuze wenyeji sokoni. Chemba ndiyo inayosimamia soko la Jumamosi la mji huu, na mji ni mdogo. Wangeniondoa pale, duka lisingemaliza majira ya baridi.

Mwenyekiti wao ni mwanamke muuza viatu. Hakuja na hukumu. Alinunua maandazi, akaketi, akala moja, kisha akaniuliza, "Hili la ziada ni la nini?"

Nikamjibu, "Kwetu mtu asiyeongeza huonekana amemkasirikia mteja."

Alicheka mpaka akaishika meza. Akatoka, akarudi na Bi Margareti, akatuketisha na kutuagizia chai yangu mwenyewe. Bi Margareti alinisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akasema, "Mimi nilidhani unanipiga vita." Siku hizi naye huwaongezea wateja, ila anaongeza kwa kununa, kama anayelipa faini. Na mashine yangu ya kukandia unga ilipoharibika, ni yeye aliyeniambia nikakandie kwake.

Wazee wangu, chemba ya huku haikunipa utajiri. Ilinipa meza sokoni, ikanifundisha sheria za usafi za mji, na siku niliyoshtakiwa ikaniuliza kabla ya kunihukumu. Msaada huo wa mwisho ndio ninaowaombea watu wa Morogoro kwenu, kwa sababu nao wamewatendea wema akina mama wetu. Waliwafundisha kukausha na kufungasha. Waliwatafutia mnunuzi anayekuja mpaka Matombo kwa barabara mnayoijua, wakati zamani mdalasini uliuzwa pale kando ya njia kwa bei anayotaka mwenye lori.

Kwa hiyo kabla ya kuandika nilimpigia Bwana Jitesh. Nilimwuliza ule mche ulikuwa na maana gani.

"Dada yangu, kumbukumbu tu!" alisema. "Viongozi wote wakifungua kitu wanapanda mti. Nilidhani nawapa heshima."

Nilimweleza maana yake kwetu. Kisha akasema, "Sasa hivi nawasha gari, naenda kuung'oa."

"Tafadhali usiguse," nikamwambia. "Ulipanda bila ruhusa. Ukiung'oa bila ruhusa utakuwa umekosa mara mbili."

"Basi nifanye nini? Mke wangu ananiambia kila siku nisishike jembe, sikumsikia."

Nilimwambia asubiri neno lako, naye anasubiri. Amesema yuko tayari kuja mbele ya kikao, chemba ilete ngoto kwa niaba ya banda, na kila mwaka iwe hivyo, ili ijulikane na wote kwamba ardhi ni ya ukoo.

Lililobaki ni mche, na hapa natoa ombi langu nikiwa binti wa ukoo. Sheria yetu inasema mti ni wa aliyeupanda. Basi wewe Mjomba uung'oe kwa mkono wako, mbele ya watu wote, Bwana Jitesh akiwepo. Ukishautoa, umpe mama yangu. Naye aupande upya katika shimo lile lile. Siku mti huo utakapotoa ushahidi, utasema ulipandwa na binti wa ukoo juu ya ardhi ya mama zake, na hakuna mjukuu wa mtu wa mjini atakayeweza kuubishia. Kisha, kama moyo wako umeridhika, ufungue kufuli.

Ukiona ombi langu halifai, nitalipokea neno lako, na nitamweleza Zuhura mimi mwenyewe.

Nisalimieni shangazi mponda viungo na kinu chake kisichonyamaza, mkwe wetu dereva wa pikipiki anayepandisha mizigo milimani, na akina mama wote wa banda. Zuhura mwambieni asianike tena mdalasini jikoni mpaka Jumamosi ipite. Mama naye mwambieni aende kikaoni na ndoo ya maji, asije akaambiwa apande kisha akakosa ya kumwagilia.

Ni mimi, mwana wa dada yako, ninayekuheshimu kwa karibu na kwa mbali,

Mwanaidi