Msumeno Kwenye Mti Uliolala

Jumamosi. Baridi ya kukata masikio.

Bibi Ruth, mzee ninayemtunza hapa ughaibuni, mjini Woodbridge, yuko kwenye kituo cha tiba ya mazoezi tangu avunjike nyonga. Nyuma ya nyumba yake kuna mti wa jamii ya msonobari. Yeye na marehemu mumewe waliuleta ukiwa mche kutoka misitu ya kaskazini alikozaliwa. Mwezi wa Novemba majani yake membamba yaligeuka manjano, yakapukutika yote.

Mume wangu Kamau amekulia Limuru, kwenye miti ya saiprasi. Kwao mti wa namna hiyo ukikauka majani ni kuni. Basi akawakusanya wanaume wa kanisani waje waukate kabla haujaangukia nyumba, Bibi akirudi akute kazi imekwisha. Mimi nikawapikia chai, nikijiona mwema kweli.

Nilipokuwa nawapelekea vikombe nikaokota kijitawi, nikakikwaruza kwa kucha.

Ndani kilikuwa kijani.

Msumeno ulishafika katikati ya shina. Nilipiga kelele mpaka chai ikamwagika. Kamau aliuzima msumeno, amekasirika.

"Mama Shiro, hii ilikufa kitambo. Tuache tumalize."

"Mpigie mwenye mti kwanza."

Alikataa. Nikapiga mimi, nikauliza kwa kuzunguka. Bibi akanieleza akicheka kwamba mti ule hulala uchi kila mwaka. Ardhi ikiganda mizizi haipati maji, kwa hiyo unaangusha majani yasiukaushe, na theluji inakosa pa kulemea. Masika unavaa upya.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama tumeukata.

Sikuweza kusema uongo. Nilimwambia bado umesimama, lakini umejeruhiwa vibaya.

"Msiuangushe," akasema. "Nataka niukute umesimama."

Wanaume wa kanisani wameondoka bila kuaga vizuri. Nilipomwambia Kamau alivyosema Bibi, alichukua kamba zote za kwenye gari akaanza kuufunga mti kwenye nguzo za ua, na mimi nikaingia ndani kwa hasira kuandika haya. Nimemkasirikia kwa ubishi wake, na nimejikasirikia kwa chai yangu.

Upepo umeanza. Namwona dirishani, ameutegemeza mti kwa mabega, kamba imemshinda.

Hasira itangoja. Naenda kumshikia.